Kurusha Ndege Kutoka Barabara Mbili Sambamba: Mwongozo Kamili wa Kuzitenganisha

Zoezi la barabara sambamba hukwamisha wanafunzi wengi wa uongozaji ndege wanapoingia kwenye simuleta. Sababu mojawapo ni kwamba kazi yenyewe hawajawahi kuiona. JKIA ya Nairobi ina barabara moja ya kurukia, 06/24, namba zinazotaja uelekeo wa kila ncha kwa makumi ya nyuzi. JNIA ya Dar es Salaam ina mbili, 05/23 na 14/32, lakini kila moja ina uelekeo wake. Mwanafunzi anafika na namba moja kichwani, mita 760, umbali wa chini kabisa kati ya barabara unaoruhusu ndege mbili kuruka kwa pamoja. Anaona barabara za zoezi zimepita kipimo hicho, anaziachia ndege mbili kwa pamoja, na dakika mbili baadaye alama zake kwenye rada zinasogeleana badala ya kuachana.

Namba haina kosa. Kinachosahaulika ni kwamba kinachotenganisha ndege ni mikondo yake angani, na mikondo hiyo huamuliwa ndege zikiwa bado chini. Ukiisha kutamka ruhusa ya kuruka umebakiwa na sekunde chache za kurekebisha, tena kwa ndege iliyo chini sana na rubani aliyeshikwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote wa safari.

Vipimo vilivyomo humu ni vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kutoka Hati 4444 na Kiambatisho cha 14, isipokuwa pale tulipotaja nchi. Kitabu cha kazi cha kituo chako kikidai zaidi, fuata hicho. Maili zote ni za baharini, kilomita 1.852. Tukisema "pua" tunamaanisha uelekeo ambao ndege imeukabili, na "mkondo" ni njia inayopita kweli juu ya ardhi. Ukivichanganya viwili hivi, Hatua ya 2 haitaeleweka.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Chati ya uwanja inayoonyesha umbali kati ya mistari ya katikati ya barabara, pamoja na mahali kila barabara inapoanzia na kuishia.
- Chati za njia rasmi za kuondokea, yaani SID, za barabara zote mbili. Zichapishe kwa skeli moja uweze kuzilaza kando kwa kando.
- Upepo wa chini na upepo wa futi 2,000. Upepo wa chini peke yake hautoshi.
- Daraja la uzito la kila ndege iliyo kwenye foleni.
- Rada inayoweza kuitambua ndege kabla haijapita maili 1 (kilomita 1.9) kutoka mwisho wa barabara.
- Simu ya moja kwa moja kwa mwenzako wa barabara ya pili na kwa mwongoza wa rada ya kuondokea.
- Saa yenye sekunde, stripu (vikaratasi vya maelezo ya kila ndege), na kalamu nyekundu.

## Hatua ya 1: Soma umbali kati ya barabara, ujue umeangukia kundi gani

Umbali hupimwa kutoka mstari wa katikati hadi mstari wa katikati. Usipime ukingo kwa ukingo. Kosa hili ni la kitoto lakini linafanyika: barabara yenye upana wa mita 60 ikipimwa kwenye kingo zinapotea mita 30 kila upande, na uwanja wa mita 780 unageuka kuwa wa mita 720.

Chini ya mita 760. Kwa wanaoruka kwa ala, yaani kwa kufuata mitambo badala ya macho, hesabu barabara hizi kama moja. Huruhusiwi kurusha kwa kujitegemea, yaani kila barabara bila kuisubiri nyingine, na msukosuko wa hewa wa ndege nzito iliyo upande huu unahesabiwa kwa ndege ya upande ule. Dubai ndiyo mfano ambao abiria wengi wa Afrika Mashariki wameukanyaga bila kujua: 12L/30R na 12R/30L (L ni ya kushoto, R ni ya kulia) zimeachana mita 385 hivi.

Mita 760 na kuendelea. Hapa unaweza kurusha kwa kujitegemea, ikiwa tu masharti ya hatua zinazofuata yametimia yote. Marekani wao hutumia futi 2,500, ambazo ni mita 762.

Utakutana pia na namba 915 na 1,035. Hizo ni za kutua: mita 915 kwa utuaji unaotegemeana, mita 1,035 kwa utuaji unaojitegemea. Hazikuhusu unaporusha, ingawa watunga mitihani wanapenda kuzipenyeza.

Umbali mkubwa nao si ruhusa. Barabara za Heathrow zimeachana zaidi ya mita 1,400, lakini kazi ya kawaida pale ni moja ya kurukia na nyingine ya kutulia. Ndege zinaporuka kuelekea magharibi, barabara hizo hubadilishana kazi saa 9 alasiri.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja kundi lako kwa sentensi moja, na kuandika juu ya karatasi yako ama "HUJITEGEMEA" ama "HUTEGEMEANA".

## Hatua ya 2: Thibitisha kuwa mikondo inaachana

Sharti ni hili: mikondo ya ndege mbili iachane kwa nyuzi 15 au zaidi mara tu baada ya kuruka. Nyuzi 10 zinakubalika ndege zote mbili zikifuata SID za RNAV au RNP, yaani njia ambazo kompyuta ya ndege huziongoza yenyewe, na kona ikianza kabla ya kupita maili 2 (kilomita 3.7) kutoka mwisho wa barabara. Atlanta, yenye barabara tano sambamba, ilianza kutumia nyuzi 10 za namna hii mwaka 2011 kwa sababu kompyuta za ndege hushika mkondo kwa usahihi kuliko rubani anayeshika pua tu.

Shika kalamu uone nyuzi hizo zinanunua nini. Ndege mbili zimeruka bega kwa bega kutoka barabara zilizoachana mita 760, sawa na maili 0.41. Moja inakwenda moja kwa moja, nyingine inaachana nayo. Je, zitafikisha lini maili 3, ambazo ndizo nafasi ya kawaida ya rada karibu na uwanja?

- Zikiachana nyuzi 30: baada ya maili 5 na kidogo.
- Nyuzi 15: baada ya maili 10.
- Nyuzi 10: karibu maili 15.
- Nyuzi 4: maili 37.

Kwa maili zote hizo ndege zako ziko ndani ya maili 3 na bado ni halali, kwa sababu tu zinaachana. Uhalali wako wote umekaa juu ya pembe. Pembe ikitoweka, umevunja utengano papo hapo, hata kama hakuna aliyekaribia mwenzake bado.

### Upepo unavyoila pembe

Hapa ndipo zoezi linapoharibika zaidi, kwa hiyo tulia. Chukua barabara 36L na 36R. Upepo wa futi 2,000 unatoka magharibi, 270, noti 30 (noti ni maili kwa saa). Ndege ya 36R inafuata SID ya RNAV ya moja kwa moja, kwa hiyo kompyuta yake inasahihisha upepo na mkondo wake ni 360 kamili. Ndege ya 36L umeipa pua ya 345. Kwenye karatasi zinaachana nyuzi 15.

Angani mambo ni mengine. Ndege ya 36L inayokwenda noti 150 itasukumwa na upepo kiasi cha nyuzi 11 hadi 12 kuelekea kulia. Mkondo wake halisi unakuwa 356 na kitu. Zile nyuzi 15 zimebaki kama 4. Rudi kwenye orodha ya juu uone nyuzi 4 zinahitaji maili ngapi.

Ndege zote mbili zingekuwa zinashika pua, upepo ungezisukuma kwa pamoja na pembe ingebaki karibu ileile. Zote zingekuwa kwenye RNAV, zote zingesahihisha. Hatari iko kwenye mchanganyiko: moja ya mkondo, moja ya pua, na upepo unaoisukuma ile ya pua kuelekea kwa mwenzake.

Una dawa mbili. Ya kwanza ni kuipa ndege ya 36L SID yake ya RNAV nayo. Ya pili, kama haina vifaa, ni kuongeza pembe. Ukiipa pua ya 330, upepo uleule utaipeleka kwenye mkondo wa 341 hivi, na umepata nyuzi 19.

Onyo: amri ya kushika uelekeo wa barabara maana yake rubani ashike pua bila kusahihisha upepo. Usiitoe ukidhani ndege itabaki juu ya mstari wa katikati. Kwenye upepo wa ubavuni haitabaki.

### "Mara tu baada ya kuruka" ni wapi?

SID zote mbili lazima zianze kuachana karibu na barabara. Kuachana kunakoanza maili 6 mbele hakukusaidii chochote. Zilaze chati kando kwa kando, weka rula kwenye mwisho wa kila barabara, na utie alama pale kona inapoanza. Kama SID moja inaachana kutoka kwenye kituo cha mbali, hiyo si jozi ya kurusha kwa pamoja. Tafuta SID nyingine au subiri utengano wa kawaida.

Angalia pia SID inayoanza vizuri kisha ikakunja kurudi upande wa mwenzake. SID ya 36L inayoelekea mashariki lazima itakata mbele au nyuma ya mkondo wa 36R mahali fulani. Zungushia mahali hapo wino mwekundu. Jozi hiyo hairuki pamoja.

Utajua umefanikiwa ukiwa na orodha fupi ya jozi za SID zinazoweza kuruka kwa pamoja, na orodha ya pili ya zile zisizoweza. Orodha hiyo ya pili ndiyo utakayoitazama mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 3: Weka madaraja ya uzito kwenye foleni

Kila bawa linalobeba ndege huacha nyuma yake vimbunga viwili vya hewa. Vinashuka kwa futi 300 hadi 500 kwa dakika, na vikifika karibu na ardhi vinatambaa kwenda pembeni kwa noti 2 au 3, kila kimoja upande wake.

Madaraja ni haya: nyepesi ni kilo 7,000 kushuka chini, ya kati ni zaidi ya kilo 7,000 lakini chini ya 136,000, nzito ni kilo 136,000 kwenda juu. A380 ina daraja lake peke yake. Kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioidhinishwa wa kurukia, hata kama leo ndege imepakia nusu.

Dakika za kusubiri:

- Nyepesi au ya kati nyuma ya nzito: dakika 2.
- Nyepesi nyuma ya ya kati: dakika 2.
- Nzito nyuma ya A380: dakika 2.
- Nyepesi au ya kati nyuma ya A380: dakika 3.
- Ikiwa ya nyuma inaanzia katikati ya barabara badala ya mwanzo wake, ongeza dakika 1.

Nyongeza hiyo inasahaulika kila wiki. Ndege inayoanzia kwenye kiungio cha katikati, yaani njia ya kuingilia barabara katikati yake, inainuka mbele zaidi, pale ambapo ya mbele yake nayo ilikuwa imeanza kuinuka, kwa hiyo inapita ndani ya vimbunga badala ya juu yake.

Haya yote yanahusu barabara ileile, na barabara sambamba zilizo chini ya mita 760. Zikifika mita 760, msukosuko wa jirani hauhesabiwi isipokuwa mkondo wa ndege ya pili utakata wa ya kwanza kwa mwinuko uleule au chini yake kwa pungufu ya futi 1,000. Ile SID uliyoizungushia wino mwekundu inakurudia hapa.

Ukitaka kuona kwa nini mita 385 hazitoshi, piga hesabu ya upepo wa ubavuni wa noti 12, sawa na mita 6.2 kwa sekunde. Kimbunga kinavuka mita 385 kwa dakika 1 na sekunde chache, kikiwa bado kina nguvu. Mita 760 kinazivuka kwa dakika 2.

Upepo mwepesi wa ubavuni, noti 1 hadi 5, nao una ubaya wake: unaweza kukishika kimbunga cha upande unakotoka upepo kikabaki juu ya barabara ileile. Utulivu wa asubuhi usikudanganye ukapunguza dakika.

Utajua umefanikiwa ikiwa kila stripu ya ndege inayosubiri ina saa iliyoandikwa, na hukumu yako haitegemei kumbukumbu.

## Hatua ya 4: Tazama nani anatua upande wa pili

Barabara ya jirani ikipokea ndege, mkondo wa kuilinda ni ule ambao ndege hiyo itaufuata ikighairi kutua. Pale ambapo barabara moja ni ya kurukia na nyingine ya kutulia, mkondo wa anayeruka lazima uachane kwa nyuzi 30 au zaidi na mkondo wa anayeghairi, mara tu baada ya kuruka. Tena ni 30, si 15. Mwanafunzi aliyefaulu Hatua ya 2 huipitisha pembe yake ileile hapa na kuanguka.

Umbali wa barabara katika mpango huu ni mita 760 pia, ila hurekebishwa barabara zikiwa zimesogezwa moja mbele ya nyingine. Barabara ya kutulia ikiwa imesogezwa kuelekea kwa ndege zinazokuja, punguza mita 30 kwa kila mita 150, lakini usishuke chini ya mita 300. Ikiwa imesogezwa mbali nazo, ongeza mita 30 kwa kila mita 150. Kwa mfano, ikisogezwa mita 600 kuelekea wanaokuja, kipimo kinakuwa mita 640. Ikisogezwa mita 600 upande wa pili, ni mita 880.

## Hatua ya 5: Hakikisha rubani ana SID na barabara ileile uliyo nayo wewe

Mpango wako ukiwa safi na kompyuta ya ndege ikiwa na kitu kingine, itafuatwa kompyuta ya ndege.

Hatari kubwa ni kubadilisha barabara dakika za mwisho. Marubani wameingiza SID ya 36L wakiwa bado wameegesha. Foleni inajaa, unawahamishia 36R. Wanabadilisha barabara kwenye kompyuta lakini njia ya kuondokea inabaki ya zamani, au inafutika kabisa na kuacha pengo. Ndege inaruka kutoka 36R, inafika futi 500, inakunja kushoto kuifuata SID ya 36L, na inakata mbele ya ndege uliyoiachia sekunde chache nyuma.

Fanya hivi kila unapobadilisha barabara:

1. Toa kibali kipya kizima: barabara, SID, mwinuko. Usiseme tu kwamba barabara imebadilika.
2. Sikiliza marudio neno kwa neno. Rubani akirudia barabara bila SID, muulize.
3. Mpe muda. Kubadilisha njia kwenye kompyuta na kuikagua upya si kazi ya kufanywa huku ndege ikiingia barabarani. Mtoe kwenye foleni kama ni lazima.
4. Futa stripu ya zamani kwa mstari mmoja na uandike barabara mpya kwa nyekundu. Stripu isomwe na mwenzako bila kukuuliza.
5. Usiirushe ndege hiyo sambamba na nyingine. Mpe nafasi yake peke yake hadi uione imekunja kulikotarajiwa.

Marekani wana desturi nzuri ya kuiga pale kitabu chako kinaporuhusu: pamoja na ruhusa ya kuruka, mwongoza hutaja kituo cha kwanza cha SID ya RNAV. Rubani analinganisha jina hilo na lililo kwenye skrini yake kabla hajasukuma nguvu. Inachukua sekunde 2.

Kagua pia ndege iko kwenye barabara ipi kwa macho yako. Mwaka 2000 huko Taipei, ndege ya Singapore Airlines safari namba 006 iliyopewa 05L ilijipanga kwenye 05R, iliyokuwa imefungwa kwa ujenzi, ikaanza kukimbia. Watu 83 walikufa. L na R zinafanana redioni, na usiku wa mvua taa za barabara mbili zinafanana zaidi.

Utajua umefanikiwa ikiwa barabara na SID iliyo kwenye stripu, iliyorudiwa na rubani, na unayoiona dirishani ni kitu kimoja.

## Hatua ya 6: Transponda na rada

Transponda, mtambo unaoitambulisha ndege kwenye rada, iwe imewashwa na namba yake sahihi kabla ndege haijaingia barabarani. Ndege inapoonekana mara ya kwanza, linganisha mwinuko wa skrini na anaoutaja rubani. Tofauti isizidi futi 300, au futi 200 kwenye anga ya RVSM, ile ya juu ambamo ndege hupishana kwa futi 1,000 tu.

Rada ikifa, kurusha kwa kujitegemea kumekufa nayo. Rudi kwenye utengano wa muda: dakika 1 mikondo ikiachana kwa nyuzi 45 au zaidi mara tu baada ya kuruka, dakika 2 ikiwa ya mbele ina kasi zaidi kwa noti 40 au zaidi na zote zinafuata mkondo mmoja, pamoja na dakika za msukosuko pale zinapohitajika.

## Hatua ya 7: Toa ruhusa

Maneno ya redioni hubaki kama yalivyo kitabuni, kwa Kiingereza. Taja namba ya barabara kila mara. Neno "take-off" litoke mdomoni mwako unapotoa au kufuta ruhusa ya kuruka tu. Kwingine kote sema "departure". Ndege zenye majina yanayokaribiana, tuseme 412 na 421, usizipange bega kwa bega. Sogeza moja kwenye foleni, au mwambie kila rubani kuwa kuna jina linalofanana na lake.

Kabla ya kubonyeza kitufe, tazama barabara yote, tazama anayekuja kutua, tazama saa ya msukosuko. Kisha mwambie mwenzako wa barabara ya pili, kwa sauti, SID unayoiachia. Mkiwa kwenye masafa mawili tofauti, hakuna rubani atakayesikia ruhusa ya mwenzake na kushtuka. Kushtuka ni kazi yenu ninyi wawili.

## Hatua ya 8: Tazama dakika mbili za kwanza

Usiandike kitu. Usipokee simu isiyo ya lazima. Tazama alama mbili zikiota kwenye rada kabla ya maili 1, kisha tazama pembe. Ndani ya maili 2 mikondo iwe inafunguka kama herufi V. Usiikabidhi ndege kwa rada ya kuondokea mpaka uione imeanza kukunja. Ukiikabidhi mapema, amri ya dharura itakwenda kwenye masafa ambayo rubani ameshayaacha.

Na usiitegemee TCAS, mtambo wa ndegeni unaoonya dhidi ya kugongana. Chini ya futi 1,000 kutoka ardhini mtambo huo hautoi amri ya kukwepa, na hapo ndipo ndege zako zilipo katika sekunde unazozihofia.

## Mambo yakiharibika

Ndege haikunji. Mgeuze kwanza yule mwingine, anayekusikia na kukutii, kuelekea nje. Halafu mwite aliyepotoka. Wengi hufanya kinyume: wanamwita mkosaji mara tatu huku pembe ikiisha. Ujue mapema upande upi hauna mlima wala mnara, maana ndege bado iko chini ya mwinuko salama wa kuelekezwa kwa rada.

Injini imezima. Rubani atafuata njia ya dharura ya shirika lake, ambayo huenda haifanani na SID kabisa. Chukulia hatakunja. Zuia barabara zote mbili, msogeze jirani mbali, na umwache mwenye shida afanye kazi yake.

Anayetua ameghairi huku wako ameshapewa ruhusa ya kuruka. Kama bado hajaanza kukimbia: "Hold position, cancel take-off, I say again, cancel take-off." Kama ameshaanza: "Stop immediately", jina la ndege, na urudie. Hiyo ya pili ni ya mwendo mdogo au hatari isiyo na njia nyingine. Kusimamisha ndege iliyoshika kasi kubwa ni hatari yenyewe. Mara nyingi ni bora kumwacha aruke na kuwatenganisha wawili hao kwa kona.

Kiungio kimejaa na unasukumwa kuharakisha. Kuchelewa kwa dakika 2 huandikwa kwenye ripoti ya ucheleweshaji. Ripoti ya kuvunja utengano ni ndefu zaidi kuijaza.

## Zoezi la kujipima

Barabara 36L na 36R, umbali mita 1,000, ncha zimelingana, hakuna anayetua. Upepo chini 270 noti 12, futi 2,000 ni 270 noti 30. Kwenye 36R kuna Boeing 777, nzito, SID ya RNAV ya moja kwa moja. Nyuma yake Cessna Caravan, nyepesi, inayoomba kuanzia kiungio cha katikati, pua moja kwa moja. Kwenye 36L kuna ATR 72, ya kati, isiyo na RNAV leo, inayoelekea kaskazini-magharibi.

Saa 4:00:00, 777 inapata ruhusa. ATR inapewa pua ya 330, si 345, na inaachiwa saa 4:00:10. Msukosuko wa 777 hauihusu: barabara zimepita mita 760 na mikondo haikatani.

Saa 4:00:40, 777 inainua magurudumu. Hapo ndipo unapoanza kuihesabia Caravan. Ikikubali kuanzia mwanzo wa barabara, isianze kukimbia kabla ya 4:02:40. Ikishikilia kiungio cha katikati, ni 4:03:40. Mwambie rubani saa zote mbili achague mwenyewe. Kama mwendo wa kurudi mwanzo wa barabara ni mfupi, wengi watarudi.

Saa 4:01:30, ATR inasoma mkondo wa 341 kwenye skrini, 777 inasoma 360. Kabidhi ATR kwa rada ya kuondokea, kisha 777.

Sasa rudia zoezi lote, ila ATR inaelekea Kusini-Mashariki.